Uzoefu wangu na seti ya rangi ya kutafutia uvujaji wa oili kwenye tabo

Niliinunua seti hii, yenye kichupa cha rangi inayong'aa ya kuchanganya na oili, tochi ya miale ya urujuanimno ya kuimulika na miwani ya njano, baada ya injini ya dizeli niliyoifunga badala ya ile ya awali kuanza kulowesha oili chini ya tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) wiki chache tu tangu gari lirudi barabarani. Fundi aliyelitazama alisema, bila kufungua hata bomba moja, kwamba tabo imekwisha. Sikuridhika, kwa kuwa nilipochomoa mpira wa hewa na kuushika mhimili wa tabo kwa vidole, ulicheza kidogo pembeni, jambo la kawaida, lakini haukusogea mbele na nyuma, wala mapanga yake ya kusukumia hewa hayakuwa na alama za kukwaruza.

Jaribio la kwanza niliharibu mwenyewe. Nilimwaga matone mawili ya rangi kando ya mdomo wa kujazia oili, yakateremka ubavuni mwa injini, na usiku ule kila kitu kiling'aa. Nikaosha upya, nikakausha, nikaendesha nusu saa. Chini ya tochi ulionekana mstari mwembamba wa kijani unaoanzia kwenye flanji (kiungio cha boliti) ya bomba la kurudishia oili, na ndani ya mdomo wa kutokea hewa kulikuwa na utando hafifu wa rangi hiyohiyo.

Hapo ndipo seti ilipoishia: inaonyesha oili inakotokea, haisemi kwa nini. Jibu nililipata kwa mkono, nilipoufuata mpira wa kurudishia nikaukuta umebanwa na mkono wa kushikilia injini, kwa kuwa injini hii imekaa kwa pembe tofauti na ilivyokaa kwenye gari ilikotoka. Oili huingia kwenye tabo kwa msukumo wa pampu, lakini hurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, na sili za mhimili ni pete za chuma zisizoweza kuzuia oili iliyotuama. Isitoshe, mpira wa kupumulia injini ulikuwa umejikunja, hivyo gesi za ndani ya injini zilikuwa zikiizuia oili isishuke.

Niliweka mpira mnene zaidi unaoshuka bila kujikunja na kuingia juu ya usawa wa oili, pamoja na gasketi mpya pasipo silikoni, ambayo vipande vyake huweza kuziba njia. Moshi wa buluu, dalili ya oili kuungua, uliendelea kutoka hadi nilipoifungua intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na kumwaga oili iliyobaki humo, kazi ambayo ningepaswa kuanza nayo, maana dizeli inaweza kuivuta oili hiyo na kuzunguka kwa kasi bila kuzimika.

Tabo ni ileile, kavu. Nimeipa seti nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya tochi, ambayo mchana haionyeshi kitu na kifuniko chake cha betri kililegea siku ya pili.