RAMMap: programu ndogo inayosema ukweli kuhusu RAM yako

Kama kompyuta yako ya Windows inakuwa nzito kila jioni na kila unayemuuliza anakuambia "ongeza RAM" (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi), nakuomba kabla hujatoa pesa upakue RAMMap. Ni ya bure. Inatolewa na Microsoft katika zana za Sysinternals, kazi iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996, kisha Microsoft ikainunua kampuni yao mwaka 2006. Huhitaji kuisakinisha: unafungua faili la zip, unabofya mara mbili, unairuhusu kama msimamizi wa kompyuta, basi. Naitumia kwenye laptopu yangu ya 8GB ninayohaririia picha na sauti, na pia kwenye kompyuta za ndugu na majirani kila wanaponiita.

Ninachoipendea ni kwamba haiahidi chochote. Haisemi itaifanya mashine iende mbio. Inakuonyesha tu RAM yote uliyo nayo, vipande vyake vya 4KB vimejumlishwa kwenye jedwali moja, nani amekalia wapi. Mistari inaonyesha kazi ya kumbukumbu: Process Private ni ya programu zenyewe, Mapped File ni mafaili yaliyosomwa kutoka kwenye diski, Nonpaged Pool ni ya mfumo na draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta. Safu zinaonyesha hali yake, na hapo ndipo penye somo lote: Active inatumika sasa hivi, Modified imebadilishwa na bado haijaandikwa diskini, Standby haitumiki kwa sasa lakini yaliyomo bado ni mazima.

Hiyo Standby ndiyo inayowachanganya watu. Windows ikimaliza kusoma faili huliacha kwenye RAM, kwa sababu huenda ukalihitaji tena. Programu nyingine ikitaka nafasi, inapewa hapo hapo, na faili lile linaondoka bila kelele. Kwa hiyo RAM iliyojaa Standby ni RAM iliyo kazini, na ni yako wakati wowote.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Fungua folda kubwa ya picha, zipitie zote, zifunge. Kisha nenda RAMMap, bonyeza F5 na ufungue ukurasa wa File Summary. Utaziona picha zako kwa majina, faili kwa faili, na kila moja ukubwa wake katika safu ya Standby. Zifungue tena: zinakuja papo hapo. Sasa ingia menyu ya Empty, chagua Empty Standby List, kisha zifungue kwa mara nyingine. Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka utaisikia diski ikianza kukoroma upya, na picha zinachora taratibu. Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, tofauti ni ndogo.

Jaribio hilo peke yake linatosha kukueleza kwa nini sipendi programu za "kusafisha RAM" zinazotangazwa kila kona. Nyingi kazi yake ni hiyo hiyo: zinafuta Standby, au zinazilazimisha programu ziachie kumbukumbu zilizoishika, namba inashuka, mwenye kompyuta anafurahi. Ni kumwaga maji uliyokwisha kuchota kisimani, halafu urudi kuyachota tena. Tena kumbukumbu zilizobadilishwa zinaweza kusukumwa hadi kwenye pagefile, faili la diskini ambalo Windows huhamishia yaliyomo kwenye RAM, na ukirudi kwenye ile programu uliyoiacha wazi, inaganda kwanza ndipo iitike. RAMMap nayo ina menyu hiyo ya Empty, lakini naichukulia kuwa ya kupimia. Usiifanye dawa ya kila siku.

Mahali ambapo zana hii ilinifurahisha zaidi ni kwenye kompyuta ya shemeji yangu. Ikiwashwa asubuhi, safi. Ikifika jioni, hata kuandika barua ni shida. Alikwisha kufunga programu zote, na orodha ya Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazoendeshwa, ukiijumlisha haifiki hata nusu ya RAM, ila juu imeandikwa asilimia 90 na ushee. Shemeji alishaamini ni virusi. Nilifungua RAMMap na jibu likawa kwenye mstari mmoja: Nonpaged Pool imekalia zaidi ya 3GB, wakati kwa kawaida huwa mamia machache tu ya megabaiti. Kumbukumbu hiyo haiwezi kuhamishiwa diskini, na haihesabiwi kwenye programu yoyote, ndiyo maana kufunga programu hakukusaidia kitu. Draiva ya kadi ya mtandao ilikuwa inachukua bila kurudisha. Tuliweka toleo jipya la draiva, na mstari ule ukatulia.

Hapa lazima niseme na upungufu wake. RAMMap ilituonyesha ugonjwa lakini haikumtaja mgonjwa. Kujua ni draiva ipi ilibidi kutumia PoolMon, zana nyingine ya Microsoft, ambayo ni ngumu na inazungumza kwa alama za herufi nne nne. Namba ya Nonpaged Pool iko pia kwenye Task Manager, chini kabisa ya ukurasa wa kumbukumbu, ila ni wachache wanaofika huko. Jedwali la RAMMap halijisasishi lenyewe. Usipobonyeza F5 unatazama ya zamani. Maelezo ya majina hayapo, na yote ni Kiingereza. Anayeanza atahitaji mtu wa kumkalisha mara ya kwanza.

Na kama mlaji ni kivinjari, RAMMap haitakusaidia sana: itakuonyesha michakato yake mingi bila kusema ni kichupo kipi. Kwa Chrome bonyeza Shift na Esc, upate orodha ya vichupo kwa majina na uzito wake, ukifunge kinacholemea hapo hapo.

Kuhusu kununua RAM, hiki ndicho kipimo changu. Fungua vitu vyote unavyotumia siku ya kazi nzito, kisha usome jedwali. Ikiwa Process Private ndiyo imejaza Active karibu yote, na Standby imebaki kiduchu, programu zako kweli zimeizidi mashine, nunua. Ikiwa Standby bado ina gigabaiti mbili tatu, uzito unatoka kwingine, na mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa ni diski. RAMMap yenyewe ipakue kutoka tovuti ya Microsoft tu.