Uzoefu wangu na kozi ya misingi ya usimamizi wa miradi chuo kikuu

Nimemaliza muhula mzima wa kozi ya misingi ya usimamizi wa miradi, na naandika haya kwa ajili ya wanaoiona kwenye orodha ya masomo ya hiari wakajiuliza kama inafaa. Jibu langu ni ichukue, ila ujue mapema utamu wake uko wapi. Hauko kwenye istilahi, wala kwenye programu za kompyuta za kuchorea chati. Uko kwenye mambo mawili: kuivunja kazi kubwa hadi vipande unavyoweza kuvishika, na kukadiria muda kwa penseli na karatasi. Hayo mawili yamenibadilisha kabisa namna ninavyoitazama kazi yoyote yenye tarehe ya mwisho.

Mwanzo wa kozi ni mwepesi. Unafundishwa kuwa mradi ni kazi ya muda maalumu, yenye mwanzo na mwisho, inayoacha kitu ambacho hakikuwapo. Kuendesha duka si mradi. Kulifungua ni mradi. Kisha inakuja historia kidogo: Henry Gantt na chati zake za miaka ya 1910, zinazoonyesha kila kazi kama mstari juu ya kalenda, ingawa Mpolandi Karol Adamiecki alishabuni mchoro wa jamii hiyo mwaka 1896, kampuni za DuPont na Remington Rand zilizotengeneza hesabu ya njia muhimu, yaani mfuatano mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana, mwaka 1957, Jeshi la Wanamaji la Marekani na PERT, mbinu ya kupanga kazi na kukadiria muda wake, mwaka 1958 kwa ajili ya makombora ya Polaris. Mhadhiri wetu aliyamaliza yote hayo kwa kipindi kimoja, na kilitosha.

Kozi ilianza kwangu rasmi tulipofika kwenye mchanganuo wa kazi. Tulipewa zoezi la kuhamisha maktaba ndogo ya idara kwenda chumba kipya, pamoja na vikaratasi vya kubandika na ukuta mtupu. Kila kundi likaanza kubandika: kuratibu, kufuatilia, kuwasiliana na wahusika, kusimamia usafiri. Mhadhiri akapita ukutani, akawa anagusa kikaratasi kimoja kimoja na kuuliza swali lile lile: "Hiki kikiisha, utanionyesha nini?" Kuratibu huwezi kumwonyesha mtu. Orodha kamili ya vitabu unaweza. Rafu zilizofungwa ukutani unaweza. Chumba kilichopakwa rangi na kukauka unaweza. Baada ya swali hilo nusu ya vikaratasi vilibanduliwa, na vilivyobaki vikaandikwa upya kwa majina ya vitu.

Kanuni inayoambatana na zoezi hilo ni ya asilimia 100: vipande vya chini, ukivijumlisha, lazima vilete kazi yote ya juu yake, bila pungufu wala ziada. Ukiisoma kwenye kitabu inaonekana ya kawaida. Ukiitumia ukutani, inakufichulia kwamba hakuna aliyekumbuka kumwondoa mtu anayekitumia chumba kipya kama stoo. Kipande hicho kisipoandikwa hakipewi mtu, hakipewi muda, hakipewi fedha, na siku ya kuhamia ndicho kinachokukuta mlangoni. Naamini miradi mingi inayoitwa "imecheleweshwa" haikucheleweshwa na chochote. Kuna kazi ambayo haikuwahi kuandikwa.

Kutoka hapo tukaingia kwenye mtandao wa kazi, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi walipaogopa bila sababu. Chukua maktaba ile ile. Kuhesabu vitabu siku 4, kisha kuvifungasha siku 3. Kupaka rangi chumba siku 3. Fundi kutengeneza rafu siku 9. Kufunga rafu ukutani siku 2, nako kunasubiri rangi na rafu, vyote viwili. Kuhamisha na kupanga vitabu siku 2, nako kunasubiri rafu zifungwe na vitabu viwe vimefungashwa. Ukiuliza darasa ni wapi pa kuweka watu wengi, karibu wote watasema kwenye vitabu, maana ndivyo vingi na ndivyo vinavyochosha.

Sasa chora vijisanduku, unganisha kwa mishale, jumlisha kila njia. Njia ya vitabu: 4, 3 na 2, jumla siku 9. Njia ya rangi: 3, 2 na 2, jumla 7. Njia ya rafu: 9, 2 na 2, jumla 13. Mradi mzima ni siku 13, na anayeushikilia ni fundi wa rafu peke yake: hiyo ndiyo njia muhimu. Wanaohesabu vitabu wana siku 4 za akiba. Wanaweza kuanza Alhamisi badala ya Jumapili na hakuna atakayeathirika. Wapaka rangi wana 6. Fundi hana hata moja. Akichelewa siku moja, uhamisho unachelewa siku moja. Kuongeza watu kumi kwenye vitabu hakutausogeza mradi mbele hata kwa saa moja.

Hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa tu: unatoka kushoto kwenda kulia ukitafuta mapema kabisa kila kazi inapoweza kuanza, halafu unarudi kulia kwenda kushoto ukitafuta mwisho kabisa inapoweza kuchelewa. Mhadhiri alitukataza programu yoyote hadi kila mmoja afanye kwa mkono, na namshukuru. Programu inakupakia njia muhimu rangi nyekundu papo hapo, lakini haikuachii ile hisia ya kuiona ikijitokeza yenyewe kwenye karatasi yako.

Kukadiria muda ndiko kulikonigusa zaidi. PERT inakutaka useme namba tatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, na yakienda vibaya. Fundi wa rafu: siku 6, 9 au 18. Unachukua ya kawaida mara nne, unaongeza hizo mbili, unagawanya kwa sita: 6 na 36 na 18 ni 60, gawanya kwa 6 unapata 10. Tayari makadirio yamesogea kutoka 9 hadi 10, na mradi kutoka 13 hadi 14, kwa kuwa tu umekubali kuitamka ile 18. Thamani ya mbinu hii naiona hapo, kwenye kumlazimisha mtu aseme namba mbaya kwa sauti mbele ya wenzake. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya tabia yetu ya kupanga kana kwamba kila kitu kitakwenda sawa, hata tukiwa tunajua kazi kama hiyo ilichelewa mara iliyopita. Ukikaa kwenye kikao cha makadirio utaiona tabia hiyo mezani, kwa watu wenye akili timamu kabisa.

Mfano tuliopewa ni Jumba la Opera la Sydney. Ujenzi ulianza mwaka 1959 kwa makadirio ya dola za Australia milioni 7, likitegemewa kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973, gharama ikiwa dola milioni 102. Kilichonishika katika mkasa huo ni mpangilio wa kazi: ujenzi ulianza kabla wahandisi hawajajua namna yale mapaa yenye umbo la makombe yatakavyosimama. Kazi iliyotegemea nyingine ilianza kabla ya ile inayotegemewa. Ukishachora mtandao wa maktaba kwa mkono wako, unaliona kosa hilo bila kuelekezwa.

Upande wa fedha kuna kipimo kimoja ambacho ningetaka kila anayepokea ripoti za miradi akijue. Tuseme bajeti ni 100. Leo ulipanga uwe umefanya kazi yenye thamani ya 50, umefanya ya 40, umetumia 60. Ripoti nyingi zitakuambia "tumetumia 60 kati ya 100, tuko vizuri." Lakini gawanya 40 kwa 50, unapata 0.8: uko nyuma ya ratiba. Gawanya 40 kwa 60, unapata takriban 0.67: kila shilingi inaleta theluthi mbili tu ya kazi iliyokusudiwa. Ukiendelea kwa mwendo huo utahitaji 150 ili umalize. Namba tatu zinatosha kuvunja ripoti ya kurasa ishirini, na unazipata mradi ungali na nafasi ya kuokolewa.

Yaliyonikera nayo nayasema. Wiki nyingi zilienda kwenye kukariri. Mwongozo wa PMI, taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi, toleo la 2017, ulipanga kazi ya msimamizi katika michakato 49, na sisi tulitakiwa kuijua kwa majina na kwa makundi yake. Toleo la 2021 liliuacha mpangilio huo na kuja na kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji, lakini mtihani wetu uliendelea kuuliza michakato. Mwanafunzi mwenzangu aliyeweza kuchora mtandao wowote na kuueleza vizuri alipata alama za chini kuliko aliyekariri orodha, na hilo liliniuma kwa sababu kozi yenyewe inahubiri kupima matokeo badala ya shughuli.

Mbinu za ajaili (agile), za kufanya kazi kwa vipande vidogo huku mpango ukirekebishwa, zilibanwa mwishoni, zikafundishwa kama kiambatisho. Ilani yao ya 2001, iliyoandikwa na watu 17, tuliisoma kwa haraka, na Skramu (Scrum), mojawapo ya mbinu hizo, ikaelezwa kwa mchoro mmoja. Ningependa tungeelezwa lini mpango kamili wa mwanzo unafaa na lini haufai. Maktaba unaijua kabla hujaanza, kwa hiyo panga yote. Programu ya simu ambayo watumiaji wake hawajajua wanataka nini huwezi kuipangia siku 13 ukatulia. Unajenga kidogo, unawaonyesha, unarekebisha. Swali hilo lilihitaji wiki mbili, likapewa nusu saa.

Kazi ya kikundi ndiyo iliyorudisha heshima ya kozi. Tulipewa kuandaa maonyesho halisi ya kazi za wanafunzi, yenye wageni halisi. Tulikuwa sita. Darasani tulishajifunza fomula ya njia za mawasiliano, idadi ya watu mara idadi hiyo toa moja, gawanya kwa mbili. Kwa watu sita ni njia 15, kwa kumi na wawili ni 66. Inafundishwa kama swali la mtihani, lakini ukiwa ndani ya kikundi chenye njia 15 unaelewa kwa nini taarifa ya ukumbi kubadilishwa iliwafikia wanne na kuwaruka wawili. Tukakubaliana kila jambo lipite kwa mtu mmoja na liandikwe sehemu moja, na vikao vikapungua.

Kisha likaja ombi. Mmoja wa wadau alitaka tuongeze "kamjadala kadogo tu" baada ya maonyesho. Ndivyo wigo wa mradi unavyopanuka kinyemela, kwa maombi madogo yanayosemwa kwa upole. Tulitoa fomu ya mabadiliko tuliyokuwa tumeiandaa, yenye maswali ya kawaida kabisa: inaongeza kazi gani, muda gani, fedha gani, nani ameidhinisha. Tulipomjazia na kumwonyesha kwamba mjadala unataka vipaza sauti, viti zaidi, msimamizi wa mjadala na saa mbili za ukumbi, alisoma hadi chini, akasema tuache. Hakukasirika. Fomu haikumkatalia; ilimwonyesha gharama, akaamua mwenyewe. Hadi leo nalitumia karatasi hilo nje ya chuo.

Kasoro ya kazi ya kikundi ni alama: wote tulipata sawa, aliyelala ukumbini kupanga meza na ambaye hakuonekana wiki za mwisho. Kozi inayofundisha kila kazi iwe na mwenyewe mmoja anayewajibika ingepaswa kutoa alama kwa msingi huo huo.

Kama unafikiria kujiandikisha, usitishwe na hesabu. Hazizidi kujumlisha, kutoa na kugawanya. Itawafaa zaidi wanafunzi wa uhandisi, afya ya jamii, kompyuta, maendeleo ya jamii, na yeyote anayetarajia kuandika andiko la mradi kuomba ufadhili. Ukitaka kuendelea na CAPM, cheti cha PMI kwa wanaoanza, sharti lake mojawapo ni saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi, kwa hiyo tunza muhtasari wa kozi na uthibitisho wa saa zako. Na kabla ya kuchagua, muulize mhadhiri jambo moja: je, kuna mradi halisi ndani ya muhula, wenye watu wanaosubiri matokeo? Ikiwa upo, jiandikishe. Ikiwa kazi yote ni ya kuandika mpango wa mradi wa kubuni ambao hautatekelezwa, subiri muhula ambao mhadhiri mwingine anaifundisha.