Kitasa cha namba kilichomwacha mgeni kichochoroni saa nane usiku

Kama nyumba yako ina vyumba vitano, huna mtu wa mapokezi usiku, na wageni wako wanateremka na ndege za saa saba na saa nane, soma hapa kabla hujatoa pesa. Kitasa hiki kipo kwenye mlango wetu wa korido, Mji Mkongwe, tangu kabla ya masika yaliyopita, na naandika nikiwa na hasira.

Miezi ya mwanzo sikuwa na neno nacho. Mgeni anatumiwa namba sita kwenye simu, namba inaanza kazi siku anayofika na inakufa yenyewe saa nne asubuhi ya siku anayoondoka. Hakuna kuamshwa, hakuna ufunguo uliopotea Forodhani. Ningeulizwa wakati ule ningekipa nyota tano.

Halafu usiku mmoja namba ya mgeni ikakataliwa. Akaibonyeza tena, ikakataliwa. Mara ya tano kitasa kikajifunga dakika tano, taa nyekundu inawaka, na mwanamke yuko peke yake kichochoroni na sanduku lake. Namba ilikuwa sahihi! Namba kuu ya mwenye nyumba ilifungua mara moja, na hapo ndipo penye jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Namba kuu haina muda, za wageni zina muda. Kitasa hakina intaneti, kinafuata saa yake ya ndani. Betri zikitolewa, saa ile inarudi mwanzo, na kwa hesabu ya kitasa mgeni wa leo siku yake bado haijafika. Mchana wa siku ile betri zilikuwa zimebadilishwa.

Dawa yake haifiki dakika mbili. Ukishatia betri, simama mlangoni na simu, washa bluutuuthi, fungua programu ya kitasa, bonyeza palipoandikwa kurekebisha saa. Kisha tengeneza namba ya muda mfupi, uijaribu papo hapo. Usijaribu kwa namba kuu, itakufungulia na utaondoka ukidhani mambo sawa. Na tarehe uiangalie: saa nane usiku kwenye programu ni 02:00, tena ya siku inayofuata. Ukiweka kwa tarehe ya jioni yake, umempa mgeni namba inayoanza kazi siku nzima kabla hajafika.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Bibie, kitasa kizima, mlango wenu ndio mkongwe." Akakata simu.

Mlango! Ni kweli, masika mbao huvimba. Ulimi wa kitasa unasugua bati la fremu, mota inasukuma kwa nguvu, betri zinaisha upesi. Ndiyo maana tulizibadilisha mapema. Lakini hilo ni kazi ya tupa: paka chaki kwenye ulimi, funga, tazama chaki imegusa wapi, upanue tundu la bati milimita mbili upande huo. Ulimi unaingia bila kusugua. Saa ya kitasa inahusiana nini na mbao?

Betri nazo zina masharti. Nne za alkalini, mpya zote, za aina moja. Zile za bei rahisi zinashuka nguvu mota inapovuta, na kitasa kinazima katikati. Za kuchaji zina volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, hivyo kitasa kinalalamika betri chini hata zikiwa zimejaa. Kwa hewa yetu ya chumvi, fungua kifuniko kila mwezi utazame kutu ya kijani kwenye vibati, uifute kwa kitambaa chenye siki kidogo, ukaushe kabisa. Hayo yote nayakubali, ni matunzo.

Nisichokubali ni fundi wao kutaka kutoboa mlango wa nje wa nakshi "ili kikae vizuri". Kitasa chenyewe kimetengenezwa kwa mlango mwembamba, skurubu zake hazivuki ubao mnene kama ule. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na nakshi iliyotobolewa hairudi. Msikubali.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu, kwa sababu ukijua habari ya saa, kitasa kinafanya kazi. Nimezifuta. Mtu anayekuuzia mlango wa wageni wako na kukukatia simu hastahili tatu. Nyota moja.

Wakati nakisubiri kitolewe, ufunguo wake wa chuma hauko tena droo ya ndani, ambako haumfai aliye nje. Uko kwenye kisanduku cha kuzungusha namba nne, ukutani, ndani ya baraza. Nimekwepa kile cha vitufe, kwa kuwa hakijali umebonyeza kipi kwanza, na mwenye subira anakifungua. Namba inabadilishwa kila mgeni akiondoka.