The Scarlet Claw (1944): Sherlock Holmes anapochelewa

Kengele ya kanisa inalia usiku. Ukungu umefunika kijiji kizima, na watu waliojazana baani wanatazamana tu. Hakuna anayetaka kutoka kwenda kuona ni nani anayeivuta. Mwishowe padri anakwenda. Anamkuta mwanamke amekufa, koo limeraruliwa, na kamba ya kengele bado imo mkononi mwake.

Kwa mwanzo huo filamu ilinikamata. Nilikuwa nimeshatazama kadhaa za Sherlock Holmes, kachero maarufu wa hadithi, anayeigizwa na Basil Rathbone. Zote ni 14, za kati ya 1939 na 1946: mbili za kwanza zilitolewa na kampuni ya filamu ya Fox, nyingine 12 na kampuni ya Universal. Baadhi ya hizo za Universal zinamtumbukiza Holmes katika Vita vya Pili vya Dunia akifukuzana na majasusi wa Wanazi, nazo hunichosha. Hii aliyoiongoza Roy William Neill inampeleka La Mort Rouge, kijiji cha kubuni huko Quebec, Kanada, penye kinamasi na watu walioshikilia kwamba kuna zimwi linalong'aa gizani. Lilianza na kondoo, sasa limefikia binadamu.

Marehemu ni Lady Penrose. Kabla ya kufa alimwandikia Holmes kumwomba msaada, na barua inamfikia wakati habari za msiba zimeshatangulia. Holmes anaikubali kazi hiyo kwa ajili ya mtu ambaye hatamsikia tena. Hapo ndipo nilipoipendea filamu hii. Tumezoea kachero anayejua kila kitu na kufika kwa wakati. Huyu anachelewa, tena si mara moja. Kuhusu zimwi anagundua upesi: kipande cha kitambaa chenye fosforasi, kemikali inayong'aa gizani, kinamwonyesha kwamba anayetembea kinamasini ni mtu. Lakini kujua ni mtu hakumwambii ni yupi, kwa sababu muuaji aliwahi kuwa mwigizaji, na anaishi pale pale kijijini kwa sura zaidi ya moja. Jaji mstaafu amejifungia ndani, milango na madirisha yote yamekazwa, na bado kifo kinamjia kwa sura ya mtu wa nyumbani mwake. Jina la muuaji sitalitaja.

Kilichoniumiza zaidi ni Marie, binti wa mwenye nyumba ya wageni. Baba yake amejificha kwa hofu, na yeye anauawa. Filamu haituonyeshi tendo lenyewe. Tunamwona Holmes akishatambua kilichotokea. Rathbone hapigi kelele wala halii, ila uso wake unabadilika, na kuanzia hapo anasema kama mtu mwenye deni. Nimeirudia sehemu hiyo mara kadhaa.

Watson, rafiki na msaidizi wa Holmes anayeigizwa na Nigel Bruce, ni yule yule wa kuchekesha, na safari hii anatumbukia kinamasini. Wapo wasiompenda. Mimi naona kicheko chake kinahitajika, maana bila yeye giza lingezidi. Kinachonisumbua ni lafudhi: tuko Quebec, kwenye watu wa Kifaransa, lakini wanakijiji wengi wanaongea kama wametoka Uingereza. Na mwishoni Holmes ananukuu maneno ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, ya kuisifu Kanada. Vita vilikuwa vinaendelea, naelewa, ila yananitoa katika hadithi ghafla.

Jambo moja kwa anayetaka kuitafuta. Nakala niliyoiona kwanza ilikuwa mbovu, kinamasi chote ni weusi mtupu na sauti inakwaruza, nikadhani ndivyo filamu za zamani zilivyo. Sivyo. Filamu hizi zilikarabatiwa na hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA, na katika nakala safi ukungu unauona unavyotambaa chini ya miti. Ni dakika 74 tu. Zima taa.

Mara ya mwisho niliitazama na dada yangu mkubwa, ambaye kwa kawaida hazipendi filamu zisizo na rangi. Alikaa kimya mpaka ikaisha, kisha akaniuliza kwa nini Holmes hakumwondoa Marie pale kijijini mapema. Amenipigia simu juzi, bado anauliza.