Wadudu-kibibi dhidi ya magamba: tathmini ya huduma ya kitalu kimoja cha Mombasa

Kitalu hiki kilichoko upande wa Kisauni kinauza miche na vyungu kama vitalu vingine vya kando ya barabara, lakini kina huduma ambayo si rahisi kuipata mjini: fundi wao huja nyumbani, hukagua mimea ya mapambo, na akikuta wadudu magamba (wadudu wadogo wanaofyonza mimea wakiwa wamejifunika ganda) huwadhibiti kwa wadudu wanaowala badala ya sumu. Niliwaita baada ya mimea ya jamii ya minazi niliyoipanda kwenye vyungu barazani kuanza kupata madoa ya manjano ambayo mbolea haikuyaondoa.

Kilichonifanya niridhike na malipo ni utambuzi. Fundi aligeuza jani, akalitazama upande wa chini kwa kioo cha kukuzia, kisha akapenyeza ncha ya pini chini ya kigamba kimoja chenye upana wa milimita 2 hivi. Kigamba kilinyanyuka kama kifuniko cha sufuria, na mdudu mwenyewe, wa manjano na asiye na miguu, akabaki ameganda kwenye jani. Hiyo ndiyo alama ya magamba yenye ngao, kwa kuwa kwa magamba laini ganda ni sehemu ya mwili wa mdudu na haliachani naye. Magamba laini pia hutoa utomvu mtamu unaoleta sisimizi na ukungu mweusi, ilhali wenye ngao hawatoi, kwa hiyo ukikuta jani linanata, mtafute mhalifu mwingine. Wangu, ambao ngao yao ni nyembamba kiasi cha kumwona mdudu aliye ndani, walikuwa Aspidiotus destructor, adui wa siku nyingi wa minazi ya Pwani.

Utambuzi huo uliniokolea pesa. Dawa za imidakloprid ambazo wauza pembejeo huzipendekeza kwa kila mdudu anayefyonza husafiri katika mirija ya mmea, lakini magamba yenye ngao hufyonza seli za jani na si mirija hiyo, kwa hiyo huathirika kidogo sana.

Matibabu yenyewe hayakuwa na mbwembwe. Fundi alikata majani yaliyoathirika zaidi na kuyafunga mfukoni, kwa sababu vifaranga vya magamba vinavyotembea kabla ya kujenga ngao ndivyo vinavyoeneza balaa. Baada ya hapo akafunga kwenye mimea vitawi vyenye Chilocorus nigritus, mdudu-kibibi mweusi wa kung'aa mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, pamoja na viluwiluwi wake wenye miiba. Mdudu huyu si wa kubahatisha: alipelekwa Shelisheli mwaka 1938 kupambana na magamba ya minazi, na kazi yake huko ilifana. Hupenda joto na unyevu, kwa hiyo mkazi wa Limuru asitarajie matokeo yaleyale. Fundi alisisitiza pia kwamba matawi yanayogusa ukuta yakatwe ili majimoto wasipate njia. Mkulima wa nazi huwathamini sisimizi hao, lakini hapa wangewafukuza wadudu-kibibi.

Mteja asiyeelezwa vizuri anaweza kudhani ametapeliwa, kwani ngao za waliokufa hubaki zimeshikamana na jani kwa muda mrefu na madoa ya manjano hayarudi kuwa kijani. Kipimo ni kukwaruza kwa ukucha: aliye hai hutoa majimaji, aliyekufa ni mkavu. Ngao iliyotafunwa kingo ni kazi ya mdudu-kibibi, na katika yenye tundu dogo la mviringo ametokea nyigu mdogo aliyekulia ndani yake. Majani yangu mapya yametoka safi, na ya zamani bado yana magamba machache hai, jambo ambalo naliona la kawaida kwa njia hii, kwa kuwa wadudu-kibibi wanahitaji chakula ili wabaki.

Kasoro zipo. Gharama ya usafiri ilitajwa kazi ilipokwisha, ziara ya ufuatiliaji ilichelewa, na maelezo yote yalikuwa ya mdomo, hata onyo muhimu la kutopuliza dawa ya mbu barazani baada ya kuwaachia wadudu. Kwa mwenye bustani ya vyungu vingi nawapendekeza bila kusita, mradi apatane nao bei yote kabla fundi hajatoka kitaluni. Mwenye chungu kimoja atafute pini, kioo cha kukuzia na mswaki laini wa kusugulia magamba, kwani hahitaji kumlipa mtu.