Epoksi ya West System, rezini 105 na hadina (kigandishi chake) 206: nimezitumia kwenye tezi ya boti ya Mzee, haya ndiyo niliyoyaona

Boti yetu ni ya faiba, futi 16, injini ya nje ya farasi 40. Mzee aliinunua kabla sijaanza shule, na usukani nilijifunza nikiwa nimekaa mapajani mwake. Alipofariki ilikaa juu ya tela yake miaka 9, chini ya turubai. Dada alitaka tuiuze kabla haijaoza kabisa. Nikamwomba anipe mwaka mmoja.

Ugonjwa ulikuwa nyuma, kwenye tezi, pale injini inaponing'inia. Kwa macho palikuwa pazima. Nikafungua skrubu ya chini kabisa, maji ya kahawia yakachuruzika tunduni na hayakukoma mpaka jioni. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi: juu kunalia ko, ko, ko, kushuka chini sauti inakufa, du, du. Nilipokata faiba ya ndani, plaiwudi ilitoka kwa vidole, nyeusi na imelowa chapa.

Pale pale nikakuta kazi ya zamani. Karakana moja iliwahi kuziba nyufa za tezi kwa rezini ya poliesta, wakaipaka juu ya mbao zenye unyevu. Nilichomeka patasi, likabanduka kipande kizima kama gamba la kidonda, na upande wa nyuma umechapwa mistari ya ubao ule ule ambao halikuwahi kuushika. Nilikasirika sana, maana Mzee alikuwa akitubeba sote juu ya tezi ile. Poliesta ni nzuri kwa boti mpya, faiba ikiwa bado mbichi. Kwenye mbao na faiba iliyokauka miaka mingi, epoksi ndiyo inayong'ang'ania.

Nikachagua West System, rezini ya 105 na hadina ya 206, ile ya polepole. Sifa yake ya kwanza kwangu ni pampu zake. Uwiano ni rezini 5 kwa hadina 1, na pampu zimepimwa hivyo: unabonyeza mara moja kopo hili, mara moja kopo lile, basi. Mtu asiyezoea vipimo hapotei. Kazi yako ni kukoroga dakika 2 nzima huku ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kwa sababu kile kisichochanganyika hakitaganda kamwe.

Nilichukua plaiwudi ya baharini, ya kiwango cha BS 1088, vipande 2 vya milimita 18, nikavigandisha pamoja. Kwanza unapaka epoksi tupu na kuiacha mbao inywe. Kingo zilikunywa mara 3 kabla hazijaanza kung'aa. Kisha unaongeza unga wa 404, ule wa kuinenepesha epoksi, mpaka mchanganyiko usimame bila kuchuruzika, unapaka, unabana. Hapa wengi tunakosea kwa kukaza klampu kwa nguvu zote. Epoksi haitaki hivyo. Ukikaza sana unaikamua yote nje, mbao zinabaki kavu katikati. Ukiona uzi mwembamba wa gundi unachungulia ukingoni, acha.

Muda wa kufanya kazi kwa 206 ni kama dakika 20 hadi 25 kwenye joto la nyuzi 22, na hupungua joto likipanda au kikombe kikiwa kimejaa. Hilo nililijua kwa mkono. Nilikoroga kikombe kikubwa, dada akapiga simu, nikageuka: kikombe kimepata moto, kinafuka moshi, plastiki inajikunja. Epoksi iliyorundikana hujichemsha yenyewe. Tangu siku hiyo nakoroga kidogo kidogo na kumimina kwenye trei pana.

Mambo mengine ya kuyajua kabla hujanunua. Ikishaganda inaweza kuacha utando laini kama nta juu yake. Uoshe kwa maji na dodoki gumu kabla ya msasa, la sivyo rangi itabanduka. Jua huila, kwa hiyo lazima ipakwe rangi. Usinunue mkeka wa faiba wa nyuzi zilizokatwakatwa, maana mingi gundi yake imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta. Nunua kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Na vaa glavu kila mara, hata kwa tone moja, kwa sababu ngozi ikishaikataa haitaikubali tena.

Kama ungenisikiliza jambo moja tu, lingekuwa matundu ya skrubu. Ndiyo yaliyoiua tezi ya kwanza. Toboa kubwa kuliko bolti, jaza epoksi yenye unga, iache igande, halafu toboa saizi yako katikati yake. Bolti inapita ndani ya epoksi, na maji yakipenya hayana mbao ya kugusa.

Kwenye tela sikuwa na bahati hivyo mara ya kwanza. Fremu ilichovywa zinki, ikahitaji brashi tu. Tairi zilikuwa na kashata nzuri, lakini tarakimu 4 za mwisho za ubavuni zilisoma 2311: wiki ya 23, mwaka 2011. Zilikuwa zimezeeka, nikazitupa. Beringi nilinunua seti ya bei ya chini isiyo na jina la maana, na hiyo simshauri mtu. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa mgumu kama plastiki, na baada ya miezi 3 grisi ilitoka nyeupe. Habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, ikitoka safarini ina moto. Ukiitumbukiza majini ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mpira huo. Sasa nafuata namba zilizochorwa kwenye beringi yenyewe, nanunua nzuri, natumia grisi ya baharini, na nikifika naiacha tela ipoe kwanza. Taa nachomoa kabla ya kushusha.

Msimu wa pili umekwisha. Juzi nilifungua tena skrubu ile ya chini, dada kasimama pembeni na tochi. Tundu kavu. Nikampa bisibisi agonge mwenyewe, akashuka nayo polepole mpaka chini: ko, ko, ko. Hakusema kitu, aligonga tena tu.

Nimebakiwa na robo kopo ya rezini na hadina yake. Naitunza kwa sakafu ya omo, mbele ya boti, maana kule kuna sehemu ya kiganja kimoja ambayo sauti yake sijaipenda.