TAHADHARI: Difu za pikipiki za shafti "zilizofungwa upya", kuna mtu anauza mabomu

Wakuu wenye pikipiki za shafti (zile zinazozungusha tairi la nyuma kwa shafti badala ya cheni) naomba msome hii hata kama difu yako, yaani boksi la gia pale kwenye tairi la nyuma, leo ni nzima. Kuna muuzaji wa spea mtandaoni anauza difu za nyuma anasema zimefungwa upya, beringi mpya, sili mpya, kazipiga rangi nyeusi zinang'aa na picha zake zinavutia kweli. Jina siweki kwasababu analibadilisha kila siku, ukilishika la leo kesho hulioni, bora mjue anavyocheza mtamtambua popote.

Mchezo wenyewe uko hivi. Anakutumia video difu inazungushwa kwa mkono, inaenda laini, kimya kabisa. Ukimuuliza uwiano wa gia (shafti inazunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja) anakwambia inaingia modeli zote. Ukiomba picha ya meno ya ndani pale shafti inapoingia anakuletea picha ya nje tena. Na hela anataka yote mbele, halafu anasisitiza sana usiguse nati yoyote, eti ukifungua tu garantii imekufa. Hapo kwenye usifungue ndio pa kushtuka jamani.

Moja yake tuliifungua mezani na fundi kabla haijapanda kwenye pikipiki. Ndani hakuna oili hata tone, imeshindiliwa grisi nzito mpaka juu, na ndio maana kwenye video ilikuwa kimya, grisi inameza mlio wa beringi iliyokufa na inajaza ule uwazi wa meno yaliyolika ya krauni (gia kubwa inayozungusha tairi) na pinioni (gia ndogo inayozungushwa na shafti), kwa mkono huwezi kujua. Ukishaanza kutembea meno yanaisukuma grisi pembeni na hairudi, haitiririki kama oili, kwahiyo chuma kinasaga chuma na joto linapanda. Beringi kubwa ya krauni tulipoisafisha njia zake zimechimbika. Na meno ya pinioni kule mbele, pale shafti inapoingia, yalikuwa yamejazwa welding yakachongwa kwa tupa, yakapakwa grisi nyeusi juu yasionekane!!

Hii ya welding naomba nieleze vizuri. Yale meno kiwandani yanatiwa ugumu juu kwa joto maalum, ukiyachomelea ule ugumu unaondoka, na chuma cha pembeni kinaweza kupata ufa. Yakikatika unabaki njiani injini inanguruma pikipiki haiendi, na hiyo ndio afadhali. Beringi ikivunjika vipande vikaingia katikati ya krauni na pinioni, tairi la nyuma linaweza kujifunga ukiwa kwenye mwendo na kubana klachi hakusaidii chochote, maana kilichokwama kiko nyuma ya klachi. Mtu anakufa hapo. Ndio maana siwezi kunyamaza.

Sasa kama unanunua difu ya mtumba kwa yeyote, sio huyu tu, lazimisha kuona oili ikimwagwa mbele yako. Nati ya kumwagia nyingi zina sumaku, ukiona unga laini kama tope jeusi ni kawaida, ukiona vipande au magamba ya chuma achana nayo, na oili ikiwa rangi ya maziwa ujue maji yaliingia. Angalia meno ya shafti, yakiwa na kichwa bapa ni mazima, yakiwa yamechongoka kama msumeno yamekwisha, na vumbi jekundu la kutu maana yake yalikaa bila grisi muda mrefu. Ukiona rangi ya bluu ya kuungua au meno hayalingani unene, hapo pamechomelewa. Tupa nayo inasema, iguse pembeni kabisa mwisho wa jino, sio usoni, chuma kigumu cha kiwandani tupa inateleza, ya kuchomelea mara nyingi inakula.

Uwiano wa gia usikubali kuambiwa kwa mdomo. Nyumba ya difu inaweza kufanana kabisa na ndani meno tofauti. BMW boksa za zamani (zenye silinda mbili zilizolala kushoto na kulia) kwa mfano zina namba zimegongwa pale kwenye difu, kuna 32/10 (krauni meno 32, pinioni 10), kuna 37/11 na nyingine, sasa huyu anaweza kukuletea nyumba ya moja na matumbo ya nyingine. Zungusha kitovu cha tairi mara 10 uhesabu pinioni, ya 32/10 lazima izunguke mara 32. Na krauni na pinioni zinauzwa kama pea, zinapangwa kwa washa nyembamba za kupimia, fundi akikwambia kachukua pinioni ya huku na krauni ya kule akafunga tu, usikubali.

Huyu huyu anauza na oili ya difu kwenye chupa ndogo isiyo na maandishi. Difu nyingi za shafti zinataka gia oili ya daraja la GL-5, mara nyingi uzito wa 80W-90 (soma kitabu cha pikipiki yako), na GL-5 ya kweli ina harufu kali ya salfa. Ile yake hainuki kitu, nahisi ni oili ya injini. Difu nyingi hata robo lita haifiki, sasa kwa kiasi kidogo hivyo kwanini mtu ununue iliyochakachuliwa?

Kama tayari umefunga difu yake usiendeshe kwanza. Inua tairi la nyuma, lishike juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia, likicheza shusha difu. Fungua nati ya chini, ikitoka grisi badala ya oili piga picha kila kitu kabla hujasafisha, tunza na meseji zake na risiti ya malipo, uripoti pale ulipolipia na polisi. Na ukikutana na tangazo lake kwa jina jipya weka skrinishoti hapa chini wengine waone.